Usiiunganishe Mashine Hiyo

Msimbu, Kisarawe
2 Februari 2025

Mwanangu Stellamaris,

Najua umesema shikamoo kabla hata hujaichana bahasha, kwa hiyo marahaba. Huku hatujambo, ila goti langu la kulia, ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Mvua za vuli zilitudanganya, kunde zimetoka chache. Mihogo ipo, ndiyo hiyo aliyokuletea dereva Zubeir pamoja na barua hii. Kama gunia limepungua muulize yeye, maana mdomo wa gunia niliushona mwenyewe. Mjukuu wangu Juliana hajambo? Na mkwe wangu Eliya?

Utauliza kwa nini sikupigi simu. Simu ninayo, na mtandao unapatikana nikisimama nyuma ya choo cha shule. Mambo ya dada yangu siyazungumzii nyuma ya choo.

Zubeir ameniambia, naye alisikia kwa Eliya aliposhusha mihogo safari iliyopita, kwamba hiyo studio yenu ya gemu, Mwangwi, imenunuliwa na kampuni kubwa ya nje. Nakuuliza, mwanangu, kilichonunuliwa ni nini? Meza na viti? Au wamenunua na sauti ya marehemu mama yako? Maana walikuja hapa nyumbani wakarekodi, wakaondoka nayo, na mimi tangu siku ile sijui inalala wapi.

Usinione mbishi. Tangu Justa azikwe, kila kitu chake kinaniuma. Unakumbuka siku ya matanga nilivyobisha hodi mlango wa uani, wanawake wakaangusha sinia wakidhani marehemu karudi? Sauti zetu hata baba mzazi alikuwa hazitenganishi. Kwa hiyo swali langu si la mtu baki.

Nijibu kwa karatasi. Mpe Zubeir, na umwambie asiikunje.

Mama yako mdogo,
Ursula


Kongowe, Kibaha
17 Februari 2025

Mama mdogo, shikamoo.

Mihogo imefika, na gunia lilikuwa limejaa, tumsamehe Zubeir. Juliana hajambo, sasa anaongea mpaka tunachoka. Muhogo anauita "bibi", kwa hiyo usishangae ukisikia kwamba tumekula bibi kwa nazi. Eliya anakuamkia sana. Bado yuko Ruvu kwenye mitambo ya maji, anarudi amechoka, kisha anadai kwamba dawa ya uchovu ni kucheza mpira kwenye gemu.

Ulichosikia ni kweli. Studio imenunuliwa. Usishtuke, hii biashara ndivyo ilivyo duniani kote. Sisi studio ndogo ni kama wakulima. Wanaotengeneza mashine za gemu ndio wenye barabara ya kwenda sokoni, na kila kinachopita hapo wanakata chao. Wakubwa wa mashine wenyewe hawapendani, kila mmoja anataka ukae nyumbani kwake, ukinunua gemu kwake huchezi kwa jirani. Mdogo akipata mtu wa kumbeba, anashukuru Mungu.

Na sauti ya mama iko salama. Unajua mwenyewe sikuwepo walipokuja kurekodi, nilikuwa ndani na kichanga, arobaini ya Juliana haijatoka. Lakini gemu lilipokamilika mwaka jana nilikuwa wa kwanza kulicheza. Unakuwa mtoto unayetafuta kisima, na kila ukifika penye moto unamkuta bibi. Anasema "Paukwa!" na wewe unabonyeza kitufe kuitikia "Pakawa!", ndipo hadithi inaanza. Nyuma kabisa kuna mtu naye anaitikia kwa mbali. Nadhani ni wewe.

Kila jioni taa zikishawashwa naiwasha ile mashine. Nangoja taa kwa heshima yake, maana mama hakuwahi kusimulia hadithi jua likiwa juu. Alikuwa anasema anayesimulia mchana huota mkia. Nakaa na Juliana mapajani, tunamsikiliza bibi yake. Bila hiyo sauti, Mama mdogo, huu mwaka wa pili sijui ningeupitaje.

Hao wenye studio wapya wana mpango mzuri. Wanataka kuifundisha kompyuta sauti ya mama, ili aweze kusema na maneno ambayo hakuwahi kuyasema. Hadithi mpya nyingi. Nitakueleza zaidi tukionana.

Mwanao,
Stellamaris


Msimbu, Kisarawe
9 Machi 2025

Mwanangu Stellamaris,

Marahaba tena. Kwaresima imeanza, mimi nimeacha sukari, ila hasira imenishinda kuiacha. Katekista anaumwa mgongo, kwa hiyo kengele ya kigango sasa naigonga mimi. Mbuzi wa jirani wameingia kwenye bamia zangu na jirani anasema si wake.

Barua yako nimeisoma, nikavua miwani, nikaisoma tena bila miwani, labda ingekuwa nzuri zaidi. Haikuwa.

Unasema "ili aweze kusema na maneno ambayo hakuwahi kuyasema." Mwanangu, huo kwetu unaitwa uzushi. Mtu akienda sokoni akasema "Justa kasema hivi" na Justa hakusema, tunamwita mzushi hata awe kavaa tai. Leo atasimulia hadithi ya sungura. Kesho atatangaza sabuni. Keshokutwa atamtukana nani, na sisi tuko hapa tunasema ni maendeleo?

Na hao wauza mashine pia siwaamini. Nilimuuliza kijana mwenye banda la gemu pale stendi. Akaniambia mtu ananunua gemu, anaenda nalo nyumbani, na siku wenyewe wakiamua, linabadilika humohumo ndani ya mashine kupitia intaneti. Wanaita apdeti. Akasema mengine huuzwa mabichi, yanamalizia kuivia kwa mnunuzi. Na mengine wakiyazima kwao, kwako nako yamekufa. Sasa hapo umenunua nini? Mimi nikinunua jembe Kisarawe mjini, mwenye duka haji kunigeuzia jembe langu likawa mwiko nikiwa kanisani. Hao wanakuuzia redio halafu wanakukodisha masikio.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, na nina sababu. Hiyo mashine iliyoko kwako, yenye hilo gemu la zamani, usiiunganishe na intaneti. Usiiunganishe mashine hiyo, Stellamaris. Iache ilivyo.

Na niambie bila kuzunguka: hao watu wanahitaji nani akubali? Na wewe umeshakubali?

Mama yako mdogo,
Ursula


Kongowe, Kibaha
30 Machi 2025

Mama mdogo, shikamoo.

Poleni na mbuzi. Juliana aliugua mafua, amepona. Hapa Kongowe mvua imegeuza uani kwetu kuwa bwawa, Eliya amepanga matofali tunaruka kama vyura.

Umeniuliza bila kuzunguka, nami nitajibu hivyohivyo. Anayetakiwa kukubali ni mimi, mtoto wa marehemu. Bado sijakubali. Bosi wangu Sixtus anasema nisichelewe, watakaosaidia kazi hii ndio watakaobaki, wengine wataambiwa kwaheri. Ndivyo studio zinavyofanyiwa zikinunuliwa, nimeyasoma ya wenzetu wa Ulaya na Amerika. Gemu linauza vizuri, na waliolitengeneza wanafukuzwa wiki hiyohiyo. Sioni kwa nini sisi tuwe na bahati zaidi.

Lakini si kwa sababu ya kazi, Mama mdogo. Nataka nimsikie mama anasema "Juliana." Tu. Alimbeba mara chache, kisha akaanza kuumwa, na mwanangu hamkumbuki. Kompyuta ikijifunza, itaweza kusema "Juliana, mjukuu wangu, njoo nikusimulie." Wewe unaita uzushi. Mimi naita huruma. Kama kuna mtu anaibiwa hapo, nionyeshe.

Na sasa nami nikuulize. Krismasi nilikuja na mashine huko Msimbu makusudi ili umsikie dada yako. Alipoanza tu kusema "Paukwa", ulitoka nje ukasema unawapa kuku maji. Kuku ulikuwa umeshawapa, nilikuona. Hukurudi mpaka gemu lilipozimwa. Na nilikuuliza mwezi wa pili kama yule anayeitikia nyuma ni wewe, hukujibu. Unazungumzia dunia nzima ya gemu, watengeneza mashine, wauza mabichi, ila hilo moja unaliruka. Ninaanza kudhani unachokikataa si hao watu wa nje. Kuna kitu unanificha, na kinamhusu mama.

Kuhusu mashine, nimetii mpaka sasa. Ila Eliya analalamika. Anasema bila apdeti hawezi kucheza mpira na rafiki zake, na kwamba nimegeuza mashine yake kuwa kaburi. Sijui nitamzuia mpaka lini.

Mwanao,
Stellamaris


Msimbu, Kisarawe
Alhamisi Kuu, 2025

Mwanangu,

Marahaba. Mvua kubwa, barabara mbaya, Zubeir anaondoka sasa hivi kabla daraja halijafunikwa. Pasaka njema kwenu.

Usikubali lolote kwanza. Hilo uliloniuliza nitalijibu, si leo.

Hiyo karatasi ndogo ndani ya bahasha si yako, mpe mumeo.

Ursula

*Mkwe wangu Eliya. Sijawahi kukuomba kitu tangu umuoe binti yetu. Leo nakuomba: hiyo mashine ya gemu isiunganishwe na intaneti mpaka nikuruhusu mimi. Ni mimi, mama mkwe wako, Ursula.*


Kongowe, Kibaha
11 Mei 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima.

Sitaandika habari za nyumbani, utanisamehe.

Wiki iliyopita Sixtus alinipa kazi ya kuandaa zile rekodi asili za hadithi. Si za ndani ya gemu, zenyewe, kama zilivyotoka Msimbu. Akasema nizisafishe ili kompyuta isijifunze takataka. "Mtoe jogoo, litoe hilo dude linalogonga, na huyo anayedakia nyuma naye mtoe." Nikavaa hedifoni.

Dude linalogonga nililijua mara moja. Ni ile rimu ya lori inayoning'inia kigangoni, kengele yetu. Nimekulia chini yake. Inagongwa mapigo matatu, kimya, matatu, kimya, matatu. Hiyo ni sala ya Malaika wa Bwana, ambayo kwetu hugongewa saa sita mchana tu. Jua liko utosini, na bibi ndani ya rekodi anaendelea kusimulia habari za fisi na mkwewe.

Mama yangu asingesimulia hadithi saa sita mchana hata kwa mtutu wa bunduki. Nilipokuwa mdogo nilimwomba hadithi tukimenya mihogo, akanipiga kofi la mgongo. Alipolazwa hospitali ya Tumbi, mgonjwa, nilimwomba anisimulie kidogo tupoteze muda, akaangalia dirishani kwanza, akasema, "Jua hulioni?"

Basi yule si mama.

Nilivua hedifoni nikaenda kukaa chooni ofisini. Mwaka mzima nimelia na sauti isiyo yake. Mwanangu nimemwambia, "Huyo ndiye bibi yako Justa." Nimembusisha kioo cha televisheni, Mama mdogo. Na wewe ulijua. Ulikuwa unawapa kuku maji na ulijua.

Kazi nimeimaliza kama nilivyoambiwa. Jogoo nimemtoa, rimu nimeitoa, anayedakia nyuma nimemtoa. Sauti imebaki safi, moja, yako. Ijumaa nimeituma. Nakala za zamani wamezifuta, hawataki zichanganyike. Wanasema mwezi ujao gemu litapata apdeti, kila mashine duniani itakuwa na sauti hiyo safi.

Sitaki unieleze kwa upole. Nieleze ilivyokuwa.

Stellamaris


Msimbu, Kisarawe
18 Mei 2025

Mwanangu Stellamaris,

Ilivyokuwa ni hivi.

Walifika asubuhi, vijana wanne na gari la kukodi, nyaya tele. Wakapanga vitu vyao mpaka karibu saa sita. Wakasema, "Haya bibi, anza." Mama yako akasema, "Jua lipo." Wakacheka, wakadhani ni utani. Akawaambia warudi taa zikiwashwa. Wakasema gari linatakiwa Dar kabla ya jioni. Mama yako akakataa katakata, unamjua.

Kisha akanivuta jikoni. Akaniambia, "Ursula, mtoto wangu yuko ndani na kichanga, hawa ndio mabosi wake, na yeye ndiye aliyewaambia mama yangu anajua hadithi. Nikiwarudisha mikono mitupu watamwonaje? Wewe miko yangu huiogopi. Kasimulie wewe." Ni kweli siiogopi, nimefundisha chekechea ya kigango miaka mingi, hadithi nimesimulia saa nne asubuhi na mkia sijaota. Nikaenda nikakaa penye kile kipaza sauti. Hakuna aliyeuliza Justa ni yupi. Kwao tulikuwa vikongwe wawili wenye kanga.

Nikasema, "Paukwa!" Wale vijana wakajiwekea vidole mdomoni, eti kimya, wanarekodi. Hakuna aliyeitikia. Umewahi kuona hadithi isiyoitikiwa? Nikakwama. Mama yako alikuwa nyuma yangu mlangoni, anapukuchua kunde, na hilo hakulivumilia. Akaitikia, "Pakawa!" Kijana mmoja akamgeukia, "Bibi, tafadhali usiongee." Akamjibu, "Kuitikia si kusimulia." Na kila nilipoanza hadithi, yeye akaitikia. Wakachoka kumkataza.

Tulikubaliana tutakucheka pamoja ukitoka arobaini. Kisha ugonjwa ukaingia, kicheko kikakosa nafasi. Krismasi ukaja na mashine yako, ukaketi pale sebuleni unalia na kutabasamu, unaniambia, "Msikilize dada yako." Ningekuambiaje kwamba unayemlilia ni mimi niliyekaa hapo pembeni? Nikatoka. Nimeona uchungu, mwanangu, na bado naona.

Sasa nisikilize vizuri. Sauti hiyo ni yangu, na mimi niko hai, nina goti bovu na akili nzima. Sijakubali kompyuta ifundishwe chochote. Waambie hao wakubwa, marehemu wanayemuombea ruhusa kwako hakusimulia neno, na mzima aliyesimulia anakataa. Dada yangu ndiye waliyemwandika mwishoni mwa gemu, basi waache, jina ni lake kwa haki, maana bila yeye nisingefungua mdomo.

Lakini kilichonifanya nisilale ni hiyo kazi uliyoituma. Ulifikiri ni mimi ninayeitikia nyuma. Mimi sikujibu kwa sababu kulijibu hilo ni kuyajibu yote. Ni mama yako. Ulichoambiwa ukitoe kama takataka ndicho yeye. Ndiyo maana tangu mwezi wa tatu nakuandikia usiiunganishe mashine hiyo. Iangalie sasa hivi.

Mama yako mdogo,
Ursula


Kongowe, Kibaha
15 Juni 2025

Mama mdogo, shikamoo.

Barua yako imenifikia jana. Gari la Zubeir lilinasa kwenye tope, kisha likavunjika springi, na yeye akakumbuka barua baada ya mihogo kuoza. Alinipa mkononi barabarani nikitoka kazini. Niliisoma nimesimama pale, nikafika penye "ni mama yako", nikaanza kukimbia. Apdeti imetoka tangu mwanzoni mwa mwezi. Kila nyumba yenye gemu hilo na intaneti, mama ameshafutwa. Na mikono iliyomfuta ni hii.

Nikamkuta Eliya amekaa mbele ya televisheni, ameshika pedi ya gemu. Nikapiga kelele mpaka Juliana akalia. Eliya akaniangalia kama mwendawazimu, akanionyesha mashine. Ile karatasi yako ndogo ameibandika juu yake kwa plasta, amefunika kabisa tundu la waya wa intaneti. Anacheza mpira peke yake, na kompyuta. Akasema, "Stella, mimi mama mkwe kanikataza. Unadhani ningeanzia wapi?"

Nilikaa chini nikalia, na Eliya akadhani amekosea.

Ofisini nimesema leo asubuhi, nimempigia Sixtus ingawa ni Jumapili. Nimemwambia mwenye sauti yuko hai na amekataa. Akasema, "Basi tutatafuta bibi mwingine," kama mtu anayezungumzia tairi. Ulikuwa sahihi kuhusu hao watu, nami nilikuwa nawatetea kwa kuwa walinilipia bando. Sidhani kama nitakuwa na kazi mwezi ujao. Nimeona afadhali.

Hasira yangu kwako imebaki kidogo, sitakudanganya. Ila njoo. Njoo ukae nasi, goti lako tulipeleke hospitali, na umsimulie Juliana mwenyewe, mchana ukipenda. Atakuita muhogo, usijali.

Jana jioni, taa zilipowashwa, nikaiwasha mashine. Moto ukawaka kwenye kioo. Wewe ukasema, "Paukwa!" Nikagundua kitu, Mama mdogo. Mwaka mzima huu, kila ukisema neno hilo nilikuwa nabonyeza kitufe upesi, na kitufe kikibonyezwa hadithi inaruka mbele. Nilikuwa namkata mama katikati ya neno, kila jioni, nikiharakisha kumsikiliza.

Jana nikaiweka pedi chini. Nikamzuia Juliana mikono. Tukangoja, na nyuma kule, penye mlango, mama akaitikia.

Mwanao,
Stellamaris